Mwezi Huu Ni Kabongo Gani?

Juzi mjukuu wangu, anayesoma informatique, yaani mambo ya kompyuta, hapa Kolwezi, alinionyesha kazi aliyopewa na mwalimu wake. Alikuwa na rundo la majina, mengine yamejirudia, na mwalimu alitaka kila jina libaki mara moja tu. Kijana akaandika neno moja, set, akabonyeza, na majina yaliyojirudia yakatoweka. Akageuka kuniangalia mimi, nkambo wake, kwa kiburi cha mtu aliyepika sombe, majani ya muhogo, bila kuitwanga.

"Nkambo, njo imeisha!"

"Majina ile yenye ilianguka, ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya kurudilia tu, nkambo."

"Nimesikia. Mi nauliza, ilikuwa ya nani?"

Hakujua, na mbaya zaidi, hakuona kwa nini ajue. Ndiyo maana nimekaa kuwaandikia ninyi vijana mnaobonyeza na kucheka. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Hiyo set yenu sisi tuliiunda kwa mikono, ikatulemea, ikavunjika, na siku moja karibu iwameze watoto wa watu.

Jina langu Kapinga. Miaka ya Zaïre nilifanya kazi katika ukumbi wa mashine wa kampuni ya migodi. Nilianza na wasichana wa kutoboa kadi. Kadi moja ilikuwa mtu mmoja: jina lake, kambi yake na mke wake, vyote vikawa matundu kwenye karatasi ngumu. Baadaye, kwa sababu sikuweza kufunga mdomo nikiona makosa ya waandika programu, mkuu wetu alinipeleka kujifunza kuandika programu, ili niwe na makosa yangu mwenyewe ya kusema.

Ukumbi ulikuwa na baridi kali siku zote, si kwa ajili yetu bali kwa ajili ya mashine. Mwezi wa sita, Kolwezi yenyewe ikiwa baridi, tulivaa makoti na soksi za waume zetu. Juu ya mashine hapakuruhusiwa kuwekwa hata kikombe. Mtu akiugua aliambiwa avumilie, lakini mashine ikipiga chafya waliitwa watu kutoka Lubumbashi.

Jambo la kwanza nililofundishwa huko, nawapa bure: ukiwa na kadi nyingi zilizopangwa, zishike pamoja uchore kwa kalamu mstari wa mshazari juu ya mgongo wa rundo lote. Zikianguka, na zitaanguka, mstari utakuonyesha ipi ilikuwa wapi. Najua hamna kadi tena. Basi tafuteni mstari wenu.

Mkuu wetu aliitwa Citoyen Mukendi, yaani Mwananchi Mukendi, maana ndivyo tulivyoamriwa kuitana; Mluba wa Kasai kama mimi. Alikuwa mtu mwema, mwenye abacost, ile suti ya enzi hizo isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata kwenye kwapa, na alikuwa amesoma Ulaya akarudi na programu aliyoipenda kuliko mzaliwa wake wa kwanza. Kazi ya programu hiyo ilikuwa ileile ya mjukuu wangu: kuhifadhi majina, kila jina mara moja. Ilikuwa na droo, moja kwa kila herufi. Jina likija, mashine inatazama herufi ya kwanza, inafungua droo yake, inaangalia kama jina limo. Limo? Litupe. Halimo? Liweke. Kule Ulaya, alituambia, ilikwenda kama maji.

Sasa ninyi mliozaliwa hapa, niambieni. Kabongo, Kalala, Kasongo, Kazadi, Kapinga, Kabwe, Kyungu. Kabla ya chakula cha mchana droo ya K ilikuwa imefurika, na mashine ikasimama ikitoa karatasi ya malalamiko. Droo ya M ilikuwa inahema. Droo za Q na X, naamini hadi leo zinangoja mtu wa kwanza.

Citoyen Mukendi kwanza alitushutumu sisi wasichana, kwamba tunatoboa K kwa uvivu. Tulipomwonyesha kuwa hata watu wenyewe ni wa K, akaenda kwa mkuu wa wafanyakazi kupendekeza kwamba kampuni sasa iajiri watu wa herufi nyingine. Simsingizii. Alisema hivyo kwa sauti ya kazi, na mkuu wa wafanyakazi akamwuliza angepata wapi watu wa X.

Droo ni kitu kizuri, vijana, msinielewe vibaya. Ndani ya set yenu mna droo hizohizo. Lakini kinachogawa lazima kitawanye. Ukigawa watu wa hapa kwa herufi ya kwanza, umejenga nyumba ya vyumba vingi na familia nzima imelala sebuleni.

Tukajaribu orodha moja ndefu: kila jina jipya linalinganishwa na yote yaliyotangulia, tangu la kwanza. Kwa majina machache ni njia safi, wala msione aibu kuitumia. Kwa kambi zote za kampuni, tuliwasha mashine tukaenda kula bukari, ugali wetu, tukarudi, tukasuka nywele, tukapatana na wale tuliogombana nao, na bado ilikuwa kwenye watu wa kambi ya Musonoi. Mwishowe Citoyen Mukendi mwenyewe akapata njia: zipange kadi zote kwanza kwa alfabeti kwenye mashine ya kuchambua. Majina yanayofanana yatakaa jirani, na kila jina litatazama jirani yake tu. Hapo ilikwenda, na tulimpigia makofi.

Ingeishia hapo kama si bunga, yaani unga wa mahindi. Kampuni iliwapa wafanyakazi unga kila mwezi, na kulikuwa na wajanja waliochukua kwenye ghala mbili. Citoyen Directeur, mkurugenzi wa kampuni, akatoa amri: hakuna jina litakalotoka kwenye mashine mara mbili. Asiye kwenye karatasi ya mashine hana unga, hana maziwa ya watoto, na hospitali ya kampuni haimfungulii lango.

Jina! Na hii ilikuwa baada ya amri ya serikali ya kurudi kwenye asili, iliyopiga marufuku majina ya Kizungu. Zamani tulikuwa na Kabongo Pierre na Kabongo Albert. Pierre na Albert wakafukuzwa nchini, wakabaki Kabongo na Kabongo, kila mmoja akaenda kwa babu kutafuta jina la kuongeza. Watu walikuwa wengi, mababu wachache.

Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, imegongwa kwenye kisahani cha shaba alichokitundika ubaoni akiingia kazini. Citoyen Mukendi akaenda kumwambia Directeur kwamba tutumie namba, kwa kuwa haifanani na nyingine yoyote. Directeur alitoka mbali, upande wa mto Kongo, wanakosema Kilingala. Akapandwa na hasira. Namba, alisema, ni kitu alichotuletea mkoloni. Babu zetu hawakuitwa namba. Mkuu wetu akarudi akiwa mdogo ndani ya abacost yake.

Ndipo walipotokea Kabongo wawili. Kabongo Ngoy wa Musonoi aliendesha lori kubwa shimoni. Kabongo Ngoy wa Kasaji, mji wa mbali kwenye njia ya reli, alikuwa binamu yake na alilinda ghala ya mahindi karibu na stesheni ya treni. Wote wawili walibeba jina la babu mmoja, na kwa Waluba waliobeba jina moja huitana "majina" na huhesabiwa kuwa mtu mmoja. Mke wa yule wa Musonoi, Mama Numbi, alimwita yule wa Kasaji "bwana yangu wa kule mbali" na kumdai nguo ya sikukuu, kwa utani. Mashine yetu haikujua utani. Ilipoona Kabongo Ngoy na jirani yake Kabongo Ngoy, ilimbakiza wa kwanza na kumtupa wa pili.

Nani alikuwa wa kwanza? Yule ambaye sanduku la kadi za kambi yake limetangulia kufika ofisini. Sanduku la Musonoi lilikuja kwa lori, na lori halikuwa na matairi ya kuaminika. La Kasaji lilikuja kwa treni, na treni mnaijua. Basi mwezi huu alikuwepo Kabongo wa Musonoi, mwezi ujao Kabongo wa Kasaji. Waliopatana zamani kugawana babu wakapatana kugawana unga. Aliyekuwepo alimtumia nusu asiyekuwepo. Kila mwisho wa mwezi Kabongo wa Musonoi alisimama dirishani kwangu, kofia mkononi.

"Mama Kapinga, mwezi huu ni Kabongo gani iko?"

"Mwezi huu ni wa Kasaji, Tata Kabongo."

"Haya. Basi mi hapana. Nitaambia bibi."

Akaenda zake kazini. Maana kazini alitakiwa hata mwezi ambao hakuwepo. Msimamizi wake aliniambia kwamba miezi hiyo lori lilihesabiwa kuwa linajiendesha, na wakubwa walilisifu kwa bidii.

Tulicheka sana, nisiwadanganye. Tuliacha kucheka siku Mama Numbi alipokuja mwenyewe, tumbo limetangulia, miguu imevimba. Watoto wawili alishawazaa kabla ya wakati wao, akawazika. Daktari alimwambia safari hii asizalie nyumbani kwa namna yoyote.

"Mama Kapinga," akasema, "mutoto haijue mwezi ya mashine. Atakuya siku yenye atapenda. Kama siku ile bwana yangu hapana, mi nitazalia wapi? Ku lango?"

Nilikwenda nyuma ya mashine ya kuchambua nikajifanya natafuta kadi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Habari ilifika Kasaji kwa midomo ya watu wa treni, na jibu likarudi kwa midomo hiyohiyo: "Ambia majina yangu, mwezi huu mi njo nitakosa. Bibi yake njo bibi yangu." Sijawahi kuona mtu akihangaika hivyo ili asiwepo. Siku ya kupeleka sanduku, Kabongo wa Kasaji alichinja jogoo, akamkaribisha dereva wa treni na msaidizi wake. Walipomaliza jogoo akaleta kuku wa pili. Abiria walipiga kelele mabehewani, na yeye akaleta pilipili.

Huku Musonoi, siku hiyohiyo, lori la masanduku lilikuwa limelala bila tairi. Kabongo hakusubiri. Aliomba sanduku kwa karani, akalitia kichwani, akashika njia kwa miguu. Tulimwona kutoka dirishani akija, jasho linachuruzika, shingo imezama mabegani, amejibeba mwenyewe kichwani pamoja na Musonoi nzima. Alipolitua mlangoni tukasikia treni ya Kasaji ikipiga honi kuingia stesheni ya Kolwezi. Citoyen Mukendi alilipokea sanduku kwa mikono miwili kama mtu apokeaye bibi harusi.

Alikuwepo. Jina lilitoka kwenye karatasi, hospitali ikafungua lango, na wiki hiyo Mama Numbi akazaa. Akazaa mapacha, wavulana wawili, wote wazima. Kyungu na Kabange. Tulipiga vigelegele ukumbini hadi fundi wa mashine akatufukuza.

Sasa sikilizeni vizuri. Orodha ya watoto, kwa ajili ya maziwa, ilikuwa na utaratibu wake. Kwa kuwa watoto wengi walipewa majina kwa kuchelewa, ofisi iliwatambua kwa jina la baba na tarehe ya kuzaliwa. Baba yuleyule, tarehe ileile? Ni mtoto huyohuyo kaandikwa mara mbili, mtupe mmoja. Nani angebisha? Kwenye karatasi ilipendeza. Kadi za Kyungu na Kabange zilikaa jirani, na mashine ikamtupa mmoja bila kelele. Hiyo ndiyo tabia ya kitu kinachohifadhi vya kipekee, leo kama jana. Hakipigi kengele, kinatupa na kuendelea.

Mama Numbi alipewa kopo moja la maziwa, na maziwa yake mwenyewe yalikuwa hayatoshi hata kwa mmoja. Lakini pacha hapewi kitu peke yake. Mnalijua hilo, hata kama mnajifanya wa mjini. Anachopewa huyu, mwenzake apewe kilekile, saa ileile, la sivyo aliyenyimwa hukasirika na kurudi alikotoka. Mama aliyezika wawili hawezi kulifanyia jambo hilo mzaha. Alikuja ofisini na watoto, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akapita mbele ya mlinzi, akaliweka lile kopo juu ya mashine.

Juu ya mashine! Ukumbi mzima ulisimama.

"Njo hii," akasema. "Mukuye muchagule mwenyewe nani atakunywa. Mi mama yabo, siwezi."

Citoyen Mukendi alikuwa Mluba, na mimi Mluba. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuligusa kopo lile, wala kuwaangalia wale watoto mmoja kabla ya mwingine. Niliogopa, nasema wazi. Dawa tuliijua: kumtambua mtoto kwa namba ya baba na utaratibu wa kuzaliwa, wa kwanza, wa pili. Lakini amri ya majina ilikuwa ya Directeur, na bila sahihi yake hatukuruhusiwa kugusa hata tundu moja. Na neno lenyewe lilikuwa lile lile la kumpandisha hasira: namba.

Kesho yake asubuhi wakaja wanawake wa Musonoi, wote kwa pamoja, wanapiga makopo matupu na kuimba nyimbo za mapacha. Anayezijua ameshatabasamu. Nyimbo za mapacha ni matusi. Ni desturi, huleta baraka, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Walimwimba Directeur. Waliimba tumbo lake, waliimba kiti chake, kisha wakashuka chini ya mkanda, na huko siwapeleki, kwa sababu karatasi hii inaweza kuangukia mikononi mwa padri. Directeur, asiyejua Kiluba hata cha kuombea maji, akatoka nje.

"Citoyen Mukendi, hawa wanaimba nini?"

Mkuu wetu aliinama kwa adabu. "Wanasifu kazi yako, Citoyen Directeur. Na urefu wa uongozi wako."

Asiyejua maana haambiwi maana. Directeur alifurahi, akapiga makofi, kisha akashuka ngazi na kucheza. Wanawake walipomwona anacheza ubeti ule, wengine walilazimika kukaa chini. Mimi niliuma mkono wa koti langu, hadi leo una alama.

Alipomaliza kucheza, amelowa jasho na roho nyeupe, Citoyen Mukendi akamwomba sahihi na kumweleza kwa nini. Aliposikia neno namba, uso ukajifunga.

"Nilishasema. Babu zetu hawakuitwa namba."

Mama Numbi, asiyejua Kifaransa cha wakubwa, akauliza anasema nini. Mkuu wetu akamtafsiria, safari hii neno kwa neno. Akasogea mbele na watoto wake.

"Citoyen, bankambo yetu balihesabiaka. Kyungu njo jina ya ule mwenye kutoka wa kwanza. Kabange njo wa pili. Hakuna mama mwenye kuchagula. Jina yenyewe inasema: moja, mbili."

Mkuu wetu akayageuza hayo pia, na Directeur akamwangalia Kyungu, akamwangalia Kabange. Akanyosha kidole kimoja, kisha viwili.

"Kumbe namba ni ya asili," akasema.

Akaingia ukumbini akatia sahihi juu ya mashine, karibu na kopo. Siku ile kila kitu kikaruhusiwa: utaratibu wa kuzaliwa kwa watoto, na namba za visahani vya shaba kwa baba zao. Mwenye ghala alitoa makopo mawili, na Mama Numbi alimlazimisha kuyakabidhi kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Kabongo wa Musonoi na Kabongo wa Kasaji wakawepo wote wawili mwezi uleule, wakashangaa, wakalalamika kwamba sasa hawana sababu ya kutumiana salamu.

Na programu ikawa nyepesi ajabu. Namba ikishakuwepo, huhitaji droo wala kupanga. Unaweka mstari wa nafasi, nafasi moja kwa kila namba. Mtu akija, unatia alama kwenye nafasi yake, na ukikuta alama ipo, huyo kweli karudi. Ila namba ziwe zimekaribiana, maana zikitawanyika utajaza mashine kwa nafasi za watu wasiokuwepo. Yote haya mtafundishwa vizuri zaidi shuleni, sipigani na walimu wenu. Droo, orodha, mstari, chagueni kwa kutazama wingi na nafasi mliyonayo. Lakini kabla ya kuchagua chombo, jiulizeni ni nini kinachofanya vitu viwili kuwa kimoja. Sisi tulivunja vichwa juu ya chombo, na kosa lilikuwa kwenye swali hilo.

Mwaka jana mtu mzima mwenye mvi alibisha hodi kwangu, akitoka kazini kwenye machimbo ya Kingamyambo. Alikuwa mmoja wa wale mapacha. Mama yao alikuwa amefariki, lakini alimsimulia mambo haya kabla ya kufa, na sasa alikuwa na swali.

"Mama Kapinga, ile mashine ilitupaka nani? Ni mi, ao ni ndugu yangu?"

Najua. Kadi ile niliitoboa mimi, na niliiokota mimi chini ya mashine, na uso wa kadi ile naukumbuka kuliko nyuso za watu wengi.

"Ilitupa kadi, mwanangu," nikamwambia. "Ninyi mlikuwa mmelala."

Akacheka, akanyanyuka kwenda. Nikamfungia mikate miwili kwenye karatasi.

"Mi niko moja tu, Mama."

"Najua," nikasema. "Beba mbili."